Maneno Yaliyoachwa na Maji

Neno la kwanza kuokotwa kwenye mchanga wa kijiji cha Plougarell lilikuwa la mwokaji mikate akiagiza unga. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi. Bamvua ilikuwa imevuta maji mpaka nyuma ya mwamba mweusi, na Goulven Abgrall alikuwa ameinama na reki yake akitafuta kome, kama alivyofanya kila bamvua tangu alipostaafu umeya. Reki ikagusa kitu laini. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja, cheupe-cheupe mfano wa ute wa yai uliopata moto kidogo. Alipokiinua ili akung'ute mchanga, kikasema kwa sauti ya Jaouen mwokaji:

"Magunia sita, siyo manne. Na yasiwe na unyevu kama yale ya juzi."

Goulven akakitia kwenye ndoo pamoja na kome, akapanda nacho mpaka dukani.

"Jaouen, hii ni yako."

Jaouen alikisogeza sikioni, akasikiliza, kisha akajifuta unga mikononi. "Hiyo ni simu ya Ijumaa," alisema. "Na wakaleta manne vilevile."

Kabla ya Jumapili hapakuwa na mtu kijijini asiyejua. Mkongo wa mawasiliano unaopita chini ya bahari ulikuwa umetoboka mahali fulani, na maneno ya watu yalikuwa yakivuja. Mkongo huo ulipanda nchi kavu pale pale Plougarell, ukapita chini ya mchanga mpaka kwenye kibanda cha zege kisicho na dirisha nyuma ya makaburi. Mwenye mkongo alikuwa kampuni ya ng'ambo, Marekani. Kwa nini maneno ya Jaouen, aliyekuwa akizungumza na msaga unga anayeishi mwendo wa dakika ishirini tu, yavuke kwanza bahari nzima kisha yarudi, lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. Yalikwenda, yakarudi, unga ukaja.

Watu wakajifunza haraka namna ya kuyatunza. Neno likiachwa juani, kufika adhuhuri limekauka, limebaki ganda lisilosema kitu. Likiwekwa kwenye maji ya chumvi hukaa. Fañch Le Goas, mfugaji wa chaza, alitoa mabwawa yake mawili, na kila Jumamosi watu walipanga foleni na chupa zao za jamu kuja kutafuta yao. Adabu ikajipanga yenyewe: ukiinua neno ukasikia sauti si yako, unalirudisha majini kabla halijafika katikati. Padri alikuja kuchukua yake alfajiri, kabla ya wote. Fañch mwenyewe hakuwa na siri.

"Sikieni," aliwaambia waliokuwa foleni. "Mke wangu anamwambia dada yake kwamba nakoroma kama trekta linalopanda mlima. Mimi miaka thelathini na moja ananiambia nalala kama malaika!"

"Malaika wa trekta," mkewe akajibu kutoka kwenye mizani, wala hakugeuka.

Goulven hakuwa anatafuta neno lake. Alikuwa anatafuta la Tréphine.

Tréphine, mkewe, alifariki miaka sita iliyopita katika hospitali ya mjini. Siku ile mchana alimpigia simu. Goulven, akiwa bado meya, alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa kijiji na wanaume watatu wa kampuni ya mkongo, wakitia sahihi mkataba mpya wa miaka mingine ishirini. Simu ilitetemeka juu ya meza. Akaigeuza kifudifudi. Alipofika hospitali saa kumi na mbili jioni, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Aliona kwenye simu kwamba alikuwa amemwachia ujumbe wa sauti, lakini hakuwa na moyo wa kuusikiliza. Alijisemea, nitausikiliza kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mwezi wa nne tangu kifo chake akajikaza, akabonyeza. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwambia kwa upole kwamba ujumbe uliopita siku tisini haupo tena.

Basi alipoona maneno yameanza kuja na maji, akashika reki yake kila siku, bamvua au maji mafu. Fañch alimwambia kwamba maneno ya zamani lazima yawe yamezama chini zaidi na yatahitaji maji makubwa kuyachimbua. Fañch hakuwa na elimu ya mambo hayo, ila alisema kweli. Bamvua kubwa ya mwezi wa nne ililiacha neno la Tréphine kando ya nguzo ya zamani ya boti, jeusi kidogo, kingo zake zimekuwa ngumu kama kwato.

"Goulven," lilisema. "Ni mimi. Shati hili la hospitali linanikwaruza, niletee lile langu la buluu, lipo nyuma ya mlango. Na utoe siagi kwenye friji, maana jioni utakula mkate mkavu, nakujua. Njoo mapema kidogo leo. Sijisikii vizuri. Lakini kama mkutano haujaisha, basi, usijali."

Alikaa pale kwenye mchanga uliolowa mpaka maji yaliporudi yakamfika kwenye viatu. Miaka sita alikuwa amejifariji kwamba mkewe hakumwomba kitu.

Akaliweka kwenye chupa ya jamu dirishani jikoni, upande usiopata jua, akawa anabadilisha maji ya bahari kila baada ya siku mbili. Kila asubuhi alilitoa akalisikiliza mara moja, akalirudisha. Hakulia. Alitoa siagi kwenye friji, akanywa kahawa, akaenda zake.

Barua ya kampuni ilifika mwezi wa tano. Meya wa sasa, Enora Kervella, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na bado akitazama watu kama wanafunzi walioacha kufanya kazi ya nyumbani, aliisoma kwa sauti ukumbini mbele ya kijiji kizima. Kampuni ilisikitika kwa usumbufu. Kampuni ilikumbusha kwamba, kwa mujibu wa mkataba, kila kinachopita ndani ya mkongo, na kila kinachotoka humo kwa njia yoyote ile, ni mali yake. Maneno yote yaliyookotwa yarudishwe ndani ya siku thelathini, la sivyo italazimika kufunga huduma. Nyuma ya barua palikuwa na nakala ya ukurasa wa mwisho wa mkataba, na chini yake sahihi ya Goulven, safi, herufi zimelala upande mmoja.

Watu walijitahidi wasimtazame. Ni Enora aliyeuliza.

"Ulisoma, mzee?"

"Nilisoma ukurasa wa paa," Goulven alisema.

Wote wakainua macho. Kampuni ndiyo iliyoezeka ukumbi ule mara baada ya mkataba mpya. Lilikuwa paa zuri. Halikuwahi kuvuja.

"Tréphine aliniambia nisome na mwingine," aliongeza, akaketi.

Siku ile walipiga kura, wakakubaliana kwamba maneno hayaendi popote. Enora aliandikia Paris, na Paris ikamjibu kwamba jambo hilo ni la Ulaya. Akaandikia Ulaya. Wakati huohuo meli moja ya kijivu, iliyokuwa imetia nanga nje ya boya tangu mwanzo wa majira ya kuchipua ikisema inatafiti samaki, ilimtuma mtu wake kwa Fañch. Mtu huyo alitoka upande wa mashariki, alivaa koti zuri, na alijitolea kuyachukua maneno yote bure na kuyahifadhi.

"Mtayapeleka wapi?" Fañch akamuuliza.

"Mahali salama."

"Wenzako wa Marekani nao walisema hivyohivyo," Fañch akamwambia, akamuuzia chaza dazeni mbili.

Mjumbe wa Ulaya alikuja mwishoni mwa mwezi, mwanamke wa makamo kutoka Ghent, jina lake Hedwig Ockers. Hakuja na kiburi. Alivua viatu vyake vya mjini akashuka mchangani bila kuambiwa, akala chapati ya ngano nyeusi na soseji akiwa amesimama kama watu wote, akauliza maswali ya maana. Ukumbini alisema Ulaya haitakubali maneno ya watu wake yawe mateka wa mtu, awe wa magharibi au wa mashariki. Watu wakapiga makofi. Enora akauliza habari za mkongo wa Ulaya wenyewe, ule unaotangazwa kila mwaka.

"Serikali ishirini na saba zimekubaliana kwamba lazima uwepo," Bi Ockers alisema. "Bado hazijakubaliana uanzie wapi."

"Na uishie wapi?" Fañch akauliza.

"Hilo nalo bado."

Baadaye aliomba kusikia neno moja, ili aweze kueleza huko anakokwenda. Hakuna aliyetaka kutoa lake. Goulven akaenda nyumbani, akarudi na chupa. Bi Ockers alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Lilipofika kwenye "usijali" akalirudisha majini, akatoa kitambaa, akajifuta macho bila kujificha.

"Nisamehe," alimwambia Goulven. "Mama yangu naye alikuwa akimaliza hivyohivyo. Usijali."

"Ndiyo maneno yao," Goulven alisema.

Kisha Bi Ockers akatoka kupiga simu, akasimama kwenye ukuta wa bahari akiwa amewapa mgongo, upepo ukimvuruga nywele. Alilala kwenye nyumba ya wageni ya kina Jaouen ili aondoke kesho yake na treni ya mchana.

Asubuhi Goulven alishuka na reki kwa mazoea tu. Neno lilikuwa jipya, bado lina ujoto, limelala juu kabisa ya mchanga. Alilirudisha alipotambua sauti, kama adabu ilivyotaka. Kisha akaliinua tena. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja adabu ile, na alilisikiliza mpaka mwisho. Akalipeleka ukumbini, ambako Bi Ockers alikuwa akiagana na Enora na wazee wa baraza, akaliweka juu ya meza kwenye sahani.

"Nimewaona," lilisema kwa sauti ya Bi Ockers mwenyewe. "Ni watu wema, na haki ni yao, sina shaka hata kidogo. Usiahidi kitu. Tukiigusa kampuni, wenzetu wa ng'ambo wataweka ushuru kwenye magari, na kabla ya chakula cha mchana wenye viwanda watakuwa wametupigia simu wote. Andika kwamba tunafuatilia kwa karibu. Kuna mzee hapa ana sauti ya mkewe kwenye chupa. Mungu anisamehe. Andika hivyo tu, tunafuatilia kwa karibu."

Bi Ockers aliitazama sahani. Hakusema kwamba si yeye.

"Ndiyo," alisema. "Nilisema hivyo."

"Sasa jana ulikuwa unalia nini?" Enora akamuuliza.

"Jana nililia kweli."

"Na hili nalo ni kweli?"

"Na hilo nalo ni kweli." Alichukua mkoba wake. "Nasikitika, meya. Nasikitika sana. Ninyi mnadhani sisi ni ukuta. Sisi ni watu ishirini na saba tumeshika kamba moja, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuvuta."

Enora alimsindikiza mpaka kituoni, kwa sababu hapakuwa na teksi. Walizungumza njia nzima habari za watoto wao.

Siku ya thelathini na moja, saa mbili kamili asubuhi, kampuni ilifunga. Hakukuwa na kishindo. Jaouen alikuwa wa kwanza kugundua, kwa maana tanuri lake jipya lilimjibu kwamba halimjui. Kwa kina Guivarc'h mashine za kukamulia zilikataa kuanza mpaka ziulize ruhusa, na hakukuwa na wa kuulizwa. Ng'ombe themanini walilia tangu saa nne, na kijiji kizima kikaenda kukamua kwa mikono, hata padri, hata walimu, wengi wao wakifanya hivyo kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kicheko siku ile. Fañch alipigwa teke, akasema ng'ombe yule lazima ni mwanahisa wa kampuni. Jioni walikula pamoja ukumbini, wakanywa mvinyo wa tufaha, na Enora alisimama juu ya benchi akasema babu zao waliishi bila mkongo na walizaa. Goulven alikuwa hajaona kijiji kikicheka hivyo tangu ujana wake. Alifikiri huenda ikawezekana.

Siku ya pili bomba la maji lilikauka, kwa sababu pampu nayo ilikuwa ikiomba ruhusa ng'ambo.

Siku ya tatu Bi Salaün, mwenye miaka themanini na minane na kisukari cha siku nyingi, alianguka jikoni kwake. Muuguzi alikimbia mpaka zahanati, akakuta kabati la dawa limejifunga. Wakalivunja kwa mtaimbo. Lakini kipimo cha sindano yake kilikuwa kimebadilishwa wiki iliyopita, na kiliandikwa kule ng'ambo, siyo hapa. Hapakuwa na karatasi hata moja zahanati nzima. Muuguzi alirudi jikoni na sindano mkononi. Akiwa na miaka ishirini ya kazi, akamwinamia bibi kumuuliza.

"Ni kiasi gani, Bi Salaün? Jaribu kukumbuka. Kiasi gani?"

"Kile... kile cha daima," bibi alisema, akafumba macho.

Enora alimbeba kwenye gari lake mwenyewe mpaka hospitali ya mjini, dakika arobaini kwa njia za mashambani, huku Goulven amekaa nyuma akimshika kichwa na kumsemesha asilale. Alimwambia kila kilichomjia: bei ya kome, ubaya wa kwaya, jinsi Tréphine alivyokuwa akisema kwamba Bi Salaün ndiye mwizi mkubwa wa mapishi katika wilaya. Bibi alifumbua jicho moja aliposikia hilo. Walimwahisha. Daktari alisema wangechelewa robo saa nyingine, asingepona.

Njiani kurudi Enora aliegesha gari kando ya shamba la viazi, akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani.

"Nilisimama juu ya benchi, mzee. Nikasema mababu walizaa."

"Walizaa kweli."

"Na walikufa vibaya. Hilo sikulisema."

"Ningekuwa nimesoma ukurasa wa mwisho—"

"Ungesoma ungetia sahihi vilevile," Enora alisema, bila ukali. "Paa lilikuwa linadondoka. Mimi pia ningetia."

Jioni ile baraza lilikutana kwa mwanga wa mishumaa, maana taa za ukumbi nazo zilikuwa zikiomba ruhusa ng'ambo. Enora aliuliza nani anakubali kuyarudisha maneno. Hakuna mkono ulioinuka. Watu walitazama magoti yao. Kisha Goulven akanyoosha wake, akauweka juu mpaka ukaanza kuchoka, na baada yake ikainuka mingine, mmoja mmoja, wa Fañch mwishoni. Enora alihesabu kwa macho, akaandika, akafunga daftari.

Aliyetumwa na kampuni kuyakusanya alikuwa binti wa mji jirani wa Landerneau, Maïwenn, mwenye buti za njano na lafudhi ya pale pale. Babu yake aliwahi kununua boti kwa baba yake Fañch. Alifanya kazi yake kwa heshima. Aliyatoa maneno bwawani kwa kijiko kipana, akayapanga kwenye makasha yenye barafu, akamshukuru kila aliyeleta chupa. Goulven alikuwa wa mwisho.

"Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili," alimwambia. "Ya chumvi. Na lisikae juani."

"Nitawaandikia, mzee."

"Huko yanapelekwa kufanywa nini?"

Maïwenn alifikiri. "Sijui," alisema. "Nadhani hata wao hawajui bado. Wanayaweka tu." Akachungulia ndani ya chupa. "Ni la nani?"

"Mke wangu."

Binti alitazama huku na huku. Kisha akageuka akatazama baharini, akaweka mikono mfukoni, akasema kwa sauti kubwa kidogo kwamba ana dakika tano za kuangalia hali ya hewa. Goulven akalitoa. Akalisikiliza mara mbili. Mara ya tatu aliogopa kulichosha, akalirudisha, akafunga kifuniko, akakohoa ili binti ajue. Alipewa risiti. Iliandikwa: *ute wa bahari, kipande kimoja, chenye sauti.*

Huduma ilirudi saa ile ile makasha yalipopita daraja. Ng'ombe wakakamuliwa, maji yakatoka bombani yakiwa mekundu kwa kutu, kisha meupe. Baada ya wiki Bi Salaün alirudi nyumbani na kuanza kuulizia nani aliyesema habari za mapishi. Kutoka Ulaya ilifika barua ndefu, nzuri, inayosema jambo linafuatiliwa kwa karibu. Enora aliibandika kwenye ubao wa matangazo kati ya ratiba ya takataka na tangazo la paka aliyepotea.

Mkongo haukuzibwa. Wahandisi walikuja wakapima, wakaona kuokota ni rahisi kuliko kuziba. Kamba ikafungwa kutoka kwenye nguzo ya zamani mpaka mwambani, na ikawa sheria kwamba maji yakitoka, watu wa kijiji wabaki upande wa huku mpaka wakusanyaji wamalize. Wazee walizoea kusimama kambani asubuhi kama watu wa sokoni. Upepo ukivuma upande wao walipata kusikia vipande, oda ya samaki, salamu za siku ya kuzaliwa, mtu akimwomba mwenzake radhi kwa jambo lisilotajwa. Walisikiliza kidogo, wakaenda kunywa kahawa.

Kampuni ilihitaji mtu wa pale anayeyajua maji, wa kuwaarifu kila siku mchanga unapokuwa wazi, kwa kuwa ofisi yao iko ng'ambo na huko saa hizo bado wamelala. Wakamwomba Goulven. Fañch alimwambia akatae. Goulven alisema mwenye kuyajua maji ni yeye, na sahihi nayo ni yake.

Tangu hapo kila siku maji yanapokupwa husimama ukutani, hupiga namba, na sauti ya mwanamke asiyemjua humwambia azungumze. "Maji yametoka," husema, kisha hukata. Neno hilo huvuka bahari, huandikwa kule, hurudi. Na bamvua inapokuja huwa limelala kwenye mchanga pamoja na mengine, mara nyingine matatu au manne kwa mpigo, yakisema kwa sauti yake kwamba maji yametoka, maji yametoka. Maïwenn huyaokota kwa kijiko chake na kuyatia kwenye kasha. Siku ambazo kamba imelegea na mawimbi yameyasukuma mpaka upande wa watu, Goulven huyakuta mbele ya viatu vyake anapokwenda kutafuta kome. Huinua mguu, akayaruka, kwa kuwa si yake.